Thembo Si Tembo

Siku Thembo alipowasili Rukoki, watoto wa majirani walitangulia mbio kutangaza kwamba mwalimu ameleta farasi. Sikuwasahihisha. Mstaafu hapati sifa nyingi, na masikio kuzidi urefu kidogo si sababu ya kuharibu shangwe ya watu. Mke wangu ndiye aliyetoka jikoni na mwiko wa kusongea bundu mkononi, akamtazama yule mnyama kuanzia masikioni mpaka kwatoni, kisha akanitazama mimi vivyo hivyo.

"Baba Baluku," akasema, "hiki ndicho kiinua mgongo chenyewe?"

Ndicho, kwa sehemu kubwa kuliko nilivyokuwa nimemwambia. Shamba letu la kahawa liko juu mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu ambaye magoti yake bado yanamtii. Bodaboda hufika nusu ya njia, dereva akazima pikipiki, akautazama mlima, akataja bei ya kumfanya mtu apende kutembea. Sasa, mwaka mmoja kabla nilikuwa nimekwenda Kapchorwa kumzika mwalimu mwenzangu, nikaona punda wakishuka miteremko ya Elgon na magunia ya mahindi, wamefuatana kimya kama watawa, bila mtu hata kuwakemea. Nikajiambia: mlima ni mlima. Aliyeuweza Elgon hashindwi na vilima vya Rwenzori. Sikukumbuka kwamba punda naye angekuwa na maoni yake.

Lori lilimbeba zaidi ya kilomita 600, kutoka mlima wa mashariki hadi mlima wa magharibi. Yeye alishuka wima. Mimi niliyekaa mbele na dereva nilishuka nimepinda kama mundu.

Kuhusu jina, msinilaumu. Sisi Bakonzo huwapa wana wa kiume majina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Ukiita "Bwambale!" katika soko la Bwera utageukiwa na wanaume wa kutosha timu mbili za mpira. Mimi nina wana wanne. Kule, kitinda mimba, ambaye akiulizwa na mgeni wa Kiswahili "Kule ni nani?" huharibu mazungumzo kwa kujibu "Mimi", alimpapasa yule punda shingoni akasema, "Huyu ni Thembo." Mama Baluku alikataa siku tatu nzima. "Wanne nimewazaa mimi," alisema. "Huyo wa tano umemzaa na nani?" Swali la namna hiyo mume mwenye busara halijibu. Jina likabaki.

Asubuhi ya kwanza nilimfunga hatamu mpya ya katani, tukatoka. Hatua hamsini kutoka langoni, jirani yetu Mama Masika alikuwa ametandaza turubai la buluu kando ya njia, kahawa yake ikianikwa juu. Thembo aliliona turubai akasimama. Nasema akasimama kwa kuwa lugha haina neno kubwa zaidi. Miguu minne iliota mizizi. Nikavuta, akaegemea nyuma. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Akaegemea zaidi, tukabaki hivyo, mimi na mali yangu, tumekazana kama watu wawili wanaogombea urithi.

Watu walijaa. Sijui kama wilaya nzima ya Kasese ina punda wa kujaza darasa, lakini asubuhi ile niligundua ina wataalamu wa punda wasiohesabika. Mmoja alishauri nimng'ate sikio. Mwingine alitaka moto uwashwe chini ya tumbo. Mchungaji aliyekuwa akielekea makao makuu ya wilaya kufuatilia hati ya kiwanja alitukumbusha punda wa Balaamu, akaniuliza kama nimehakikisha hakuna malaika njiani. Nilitazama. Kulikuwa na Mama Masika tu, na hakuwa na sura ya malaika.

Jioni nikampigia simu bwana mmoja wa Lamu niliyejuana naye zamani katika semina ya walimu. Lamu ni mji wa vichochoro. Mawe, saruji na mchanga wa kujengea hupita mgongoni mwa punda, na tangu mwaka 1987 punda wa huko wana kliniki yao wenyewe. (Nilipomwambia mke wangu habari hii alisema, "Basi mpeleke akatibiwe kiburi.") Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulipokuwa ukimvuta, ulisimama wapi?"

"Mbele yake, uso kwa uso."

Akacheka mpaka salio langu likaanza kuniuma. Macho ya punda, alinieleza, yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote za dunia isipokuwa sehemu mbili: nyuma ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso. Kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa nimesimama mahali ambapo mimi sipo. Tena kitu kilichoko chini hawezi kukipima kina chake mpaka ainamishe kichwa, na kichwa chenyewe nilikuwa nimekining'iniza juu kwa kamba. "Farasi akiogopa hukimbia," alisema. "Punda akiogopa husimama akafikiri. Wewe ulikuwa unamkatiza mawazo." Akaniagiza nitembee begani kwake, nimlegezee kamba, na kila akisogea mbele hata kwa unene wa kwato, nilegeze zaidi. Kulegea ndiyo malipo yake. Pumba ni bahashishi.

Nikafungua shule nyuma ya nyumba. Nilitandika turubai kuukuu, nikalaza gogo, nikapanga matairi matatu na mapipa mawili yenye nafasi ya kupita katikati, nikachomeka mti wenye mfuko mweusi wa plastiki wa kupepea, nikatundika debe la kugonga. Mtu aliyefundisha miaka 31 hawezi kuanza bila ratiba, basi nikaiandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani: Jumatatu turubai, Jumanne gogo, na kuendelea. Jumanne asubuhi Thembo aliila ratiba.

Somo la turubai ndilo lililotutoa jasho. Niliweka pumba katikati ili alazimike kukanyaga. Alizunguka, akanusa ncha moja, akaing'ata, akalivuta turubai taratibu mpaka pumba zikamfikia alipo. Nimesahihisha mitihani mingi. Akili nikiiona naijua. Siku ya tatu aliweka kwato moja, ikatoa ule mlio wa plastiki, akaiondoa kama mtu aliyejaribu maji ya kuoga akakuta bado yanachemka. Siku ya tano, kwato mbili. Niliacha kuvuta. Nilisimama begani kwake nikimsimulia habari za pensheni, na nadhani ni uchovu wa kunisikiliza uliomvusha, lakini siku ya tisa alipita turubai lote, akageuka, akapita tena bila kuombwa.

Mengine nilimwonyesha kwa mfano, kama mwalimu afanyavyo. Kwenye matairi mguu wangu uliingia ukakataa kutoka, Kule akaja kunikomboa kwa panga na sabuni. Kati ya mapipa alipita Thembo; mimi nilikwama kwenye kitambi. Debe nililigonga kila nilipompa pumba, mpaka akajua kwamba kelele ni mwito wa karamu. Nilijivuna sana kwa ubunifu ule.

Hata mjini tulikwenda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, na treni ilikuwa imeacha kuja miaka mingi kabla Thembo hajazaliwa, lakini alipokikuta chuma kwenye majani alisimama, akaelekeza sikio moja kushoto, moja kulia. Nikalegeza kamba, nikangoja. Dakika nane. Nadhani ndiye msafiri wa mwisho hapa kwetu ambaye bado anaitarajia.

Sasa Mama Masika. Wiki iliyofuata tulipita pale pale, kahawa ikiwa imeanikwa pale pale, arabika ya mlimani iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, inang'aa. Nilimlegezea kamba kwa majivuno. Thembo aliliona turubai, na katika elimu niliyompa mimi mwenyewe, turubai ni mahali pa kupanda. Akaacha njia. Akapanda kwa adabu, akatembea mpaka katikati, akasimama akingoja pumba. Kwa kuwa sasa alikuwa na imani na dunia, mwili wake ukalegea. Akafanya pale juu kile kinachofanywa na punda aliyelegea.

Nililipia mabeseni mawili ya kahawa. Mama Masika alisisitiza niyabebe, maana mtu akilipa hupewa mali yake. Tumeiosha mara saba. Mke wangu mpaka leo anakunywa chai.

Ningemaliza hapo kama si usiku ule wa mahindi. Jirani wa upande wa chini ni askari mstaafu mzaliwa wa kaskazini. Yeye hajui Lhukonzo, mimi sijui lugha yake, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili, chake cha jeshini na changu cha kuuziana maharage na Wakongo pale Mpondwe. Saa tano usiku Kule aliniamsha: zizi liko wazi. Nilipomulika tochi bondeni nikaona mabua ya mahindi ya jirani yakitikisika. Nikapiga simu.

"Afande, samahani, Thembo ameingia kwenye mahindi yako. Msimpige, nakuja kumtoa."

Kimya. Kisha, "Wangapi?"

"Mmoja tu. Ni mpole."

Simu ikakatwa. Lazima nieleze kwa msomaji wa mbali kwamba katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth wanaolima hulala mashambani wakigonga madebe, kwa sababu tembo wakivuka usiku mmoja unatosha kumaliza msimu. Mambo haya hayana mzaha, na afande hakuyafanyia mzaha. Sijafika nusu ya mteremko, nikasikia filimbi. Tochi zikawaka nyumba kwa nyumba. Wanaume walitoka na madebe, sufuria, mabati, na mmoja alikuwa na ngoma ya kanisa, wakajipanga pembeni mwa shamba wakaanza kugonga kwa pamoja ili mnyama mkubwa atishike arudi porini.

Thembo alisikia debe. Aliinua kichwa. Kwa furaha ya mwanafunzi anayelijua jibu, alitoka mbio katikati ya mahindi, moja kwa moja kuelekea kwenye kelele, akilia kwa sauti ile ya mlango wa chuma unaofunguliwa na kufungwa. Katika giza, mahindi yakivunjika namna ile, hakuna aliyengoja kupima ukubwa wa kinachokuja. Filimbi ilinyamaza kwanza. Nilipofika nilikuta madebe yametapakaa chini na Thembo akipita debe kwa debe, akichungulia kila moja, amesikitika.

Afande alikuwa juu ya mwembe.

"Mwalimu," alisema kutoka kwenye majani, "huyo tembo wako ana ukubwa gani huyo?"

Nilimlipa mahindi. Alinisamehe, ila tangu siku hiyo ananiita Mzee Ndovu, na jina limeshika mpaka sokoni.

Msimu wa kuvuna ulipofika, tulipanda mlima kwa mara ya kwanza kikazi. Nilimfunga shogi mgongoni, gunia dogo kila upande, uzito nusu ya ule niliouona Kapchorwa, kwa kuwa bwana wa Lamu alinitishia kwamba nikimzidishia mzigo atajua tu. Kushuka tulishuka vizuri mpaka kwenye kijito. Juu yake pana gogo lililochongwa bapa, watu wote hulipita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Thembo akasimama.

Hapa Kasese hatumcheki anayesita mbele ya maji. Tuliouona mto Nyamwamba ukishuka na mawe makubwa kama nyumba mwezi Mei 2013, tukauona tena Mei 2020, nasi husimama kwanza tukasikiliza. Basi sikuvuta. Nilisimama begani, nikalegeza kamba. Aliinamisha kichwa, akanusa gogo, akapuliza pumzi. Nyuma yetu foleni ilianza: mama wawili na mikungu ya ndizi, kijana na jenereta kichwani, mtoto na kuku. Nikawaambia watulie, huyu anafikiri. Walitulia. Mtoto aliuliza anafikiri nini, mama yake akamwambia anyamaze.

Baada ya muda nikaona nimtie moyo kwa mfano. Nikapanda gogo, hatua ya kwanza, ya pili, nikageuka nimwonyeshe jinsi lilivyo imara. Lilikuwa imara kweli. Viatu vyangu ndivyo vilivyokuwa vya mjini.

Maji hayakuzidi kiuno cha mtu aliyekaa, na mimi nilikuwa nimekaa. Thembo alinitazama. Akaachana na gogo, akashuka ukingoni penye mchanga mgumu, akaingia majini kwa hatua zake mwenyewe, yakamfika magotini, akaja kusimama ubavuni kwangu. Akanywa. Nilishika mkanda wa shogi, akakaza miguu, nikainuka. Tukavuka hivyo, na foleni yote ikavua viatu ikatufuata kwa njia ile ile, wakiliacha gogo peke yake.

Tulipoingia uani, Mama Baluku alikuwa mlangoni. Alipapasa gunia la kwanza: kavu. La pili: kavu. Akamtazama Thembo, aliyelowa magotini tu. Akanitazama mimi, ninayechuruzika, kiatu kimoja mkononi na cha pili kimekwenda na maji. Akaingia ndani. Nikamsikia akifungua kabati, nikajua ananitafutia taulo, nikanyosha mikono.

Alitoka na beseni la pumba, akapita mbele yangu.

"Thembo, mwanangu," alisema, "njoo ule."