Itoe Simu Mdomoni: Namna ya Kuimulikia Mashine Yako kwa Bei Poa

Kazi inaanza kwa kuitoa simu mdomoni. Nakusema wewe, fundi, uliyeinamia drili ya meza huku tochi ya simu umeibana kwa meno na mate yanateremka kwenye kioo chake. Meno ni ya nyama choma. Taa ina mahali pake, na mahali hapo ni shubiri moja tu kutoka ncha inapogusa chuma.

Balbu ya darini nayo iachie dari. Wengi wakizidiwa na giza hununua balbu kubwa zaidi, kisha wakiinama, kichwa kinatupa kivuli palepale wanapopima. Hukosi wati, fundi wangu, unakosa pembe. Taa ya wati 3 ikisogezwa karibu na kulazwa ubavuni inauonyesha mstari uliokwaruzwa kwenye bati vizuri kuliko balbu ya wati 20 iliyo juu, kwa kuwa ukingo mmoja wa mkwaruzo unang'aa na wa pili unabaki kwenye kivuli.

Sasa nenda kwa wauza vipuri vya cherehani. Ndiyo, cherehani! Mafundi nguo wametutangulia: wana taa ndogo za LED zenye shingo ya kupinda na sumaku kwenye kitako. Sumaku hiyo inashika kwenye mwili wa chuma wa mashine ya kukereza bila kutoboa tundu hata moja. Kwenye alumini haitashika, kwa hiyo huko funga kibati cha chuma kwanza.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe, na hapo ndipo simu inapata kazi yake halali. Fungua kamera, ielekeze kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi inapita kwenye kioo, irudishe hata ukipunguziwa bei. Umeme wetu wa gridi hugeuka mara 100 kwa sekunde, na taa rahisi isiyosawazishwa inapepesa kwa mwendo huohuo bila jicho kutambua. Chukua mashine ya kukereza yenye kishikio cha taya nne, kinachozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, maana yake kila taa inapomulika, taya moja imeshakaa mahali pa mwenzake. Utaona kishikio kimetulia tuli, nacho kiko mbioni, na mkono wako unakifuata. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila karakana ya nyumbani ilijue kabla ya jambo lingine lolote.

Dawa yake ni umeme mnyoofu, na huenda unao kabatini: adapta ya ruta ya zamani iliyoandikwa volti 12, ampea 1. Nunua mkanda wa LED wa volti 12. Ule wa kawaida wenye taa 60 kwa mita hula takriban wati 14 kwa mita, na adapta yako inatoa 12, basi nusu mita inatosha na adapta haichemki. Kata kwa mkasi penye alama tu, ambayo huja kila baada ya taa tatu. Zungushia kichwa cha drili ya meza, kivuli kitakosa pa kukaa. Futa mafuta kwa spiriti kwanza, maana gundi ya mkanda haishiki penye grisi. Chagua mkanda uliovikwa plastiki angavu, kwani vinyweleo vya chuma vikitua kwenye shaba iliyo wazi vinapiga shoti.

Usidokoe umeme kutoka tumboni mwa mashine. Mashine ya fezi tatu ina volti 400 mle ndani, na taa yako haina haja nazo. Adapta ipate soketi yake ukutani. Faida ni kwamba ukizima mashine kubadilisha ncha, mwanga unabaki.

Waya upitishe nyuma, uufunge kwenye sehemu isiyosogea, usiachwe ukining'inia. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, zungusha kishikio kwa mkono duru nzima, taya zikiwa zimefunguliwa kwa kadiri utakavyozitumia. Zikigusa shingo ya taa, au zikiikaribia kwa upana wa kiganja, hamisha sumaku, kisha zungusha tena.