Tunaishi Sana

Jumanne iliyopita niliulizwa, mbele ya mama mkwe wangu, tunaoga mara ngapi kwa wiki.

Aliyeuliza ni mkaguzi wa unyevu, kijana mpole aliyevaa mifuko ya buluu juu ya viatu ili asichafue zulia letu. Mwenye nyumba alimtuma aje kutazama ukungu mweusi unaopanda ukutani nyuma ya kabati la nguo. Mama mkwe hajui Kiingereza. Kazi ya ukalimani ikaniangukia mimi, mtu ambaye tangu nioe sijathubutu hata kumwambia mama huyo kwamba nina njaa.

Alikuwa amekaa karibu na hita, khanga mbili mwilini, sweta la mwanawe juu yake, na shali juu ya sweta.

"Anauliza nini, baba Salma?"

"Anauliza kama umeizoea baridi, Mama."

Akafikiri kidogo. "Mwambie baridi ya nje nimeizoea. Ya ndani bado."

Nikamgeukia mkaguzi nikamwambia tunaoga kila siku. Akaguna kama tabibu aliyekwisha kuona dalili hizo kwa wengi, akaandika. Akauliza kama tunatumia ndoo. Akauliza tumo wangapi. Akauliza nguo tunazianika wapi, nami nikajisogeza taratibu ili mgongo wangu uzibe hita ya pili, iliyokuwa imevikwa suruali za shule na kikoi. Kisha akauliza kama tunapika kwa kufunika sufuria. Sote tukageuka kutazama jikoni, ambako chai ya maziwa na tangawizi ilikuwa ikitokota wazi tangu kabla hajabisha hodi, kwa sababu chai isiyochemka ikakomaa mama mkwe huiita maji ya kusuuzia vikombe. Dirisha la jikoni lilikuwa linatiririka.

"Mkaribishe chai," akasema mama mkwe.

Nikamkaribisha. Akakataa kwa heshima na akaandika tena, mistari miwili safari hii.

Halafu akatoa kifaa chake. Hapa lazima nitue kidogo, maana kifaa kile kilinivutia hata nikasahau aibu. Kina ukubwa wa rimoti, na kichwani kina pini mbili. Unazichomeka ukutani, nacho kinapitisha umeme mdogo kati ya pini moja na nyingine. Ukuta mkavu hupitisha umeme kwa shida na ukuta mbichi huupitisha kwa urahisi, basi kifaa kinageuza urahisi huo kuwa namba na mlio. Ila namba hiyo imepangwa kwa ajili ya mbao. Ukikichomeka kwenye lipu kinakupa makadirio tu. Ukutani kukiwa na chumvi zilizoachwa na maji ya zamani, kitapiga kelele. Nyuma ya karatasi ya ukutani kukiwa na bati jembamba la alumini, kitapiga kelele zaidi, hata kama ukuta ni mkavu kuliko dagaa. Unaweza kukichomeka pahali pakavu kabisa kikakuapia kwamba nyumba inazama.

Chetu kililia. Mama mkwe akashtuka. "Anaupima presha ukuta?"

"Ndiyo, Mama."

"Imepanda?"

"Imepanda."

"Tena watakuwa wanauudhi," akasema, akarudi kwenye shali lake.

Mkaguzi akafunga daftari akatoa hukumu. Ukuta, alisema, hauna kosa. Mwenye nyumba amegharamia kuuvika bodi za povu gumu kwa ndani ili joto lisitoke, na bodi ni nzima. Tatizo ni mtindo wa maisha. Mtu mzima akilala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, kama gramu 40 kwa saa. Ongeza chai, ongeza mabafu, ongeza suruali zile, na familia ya watu wanne inamwaga hewani kiasi cha lita 10 za maji kwa siku. Kwa kifupi, kuna kuishi kupita kiasi humu ndani.

"Kasema nini?" Mama mkwe alikuwa ameona uso wangu, na uongo ulikuwa umeniishia.

"Anasema tunaishi sana, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema mama mkwe.

Mkaguzi alipoondoka nilifanya wanachofanya wanaume wote waliodhalilishwa: nilikesha nikisoma. Na ninakiri kwamba fizikia yake haikuwa na kasoro. Hewa ya nyuzi joto 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 10 hubeba gramu 9 tu, na ikifika sifuri haizidi 5. Kwa hiyo hewa ya sebuleni ikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, ikigusa kitu cha nyuzi 12 inaanza kutua mzigo wake pale pale. Ndilo linalotokea kwenye mfuniko wa sufuria ya ubwabwa. Ukungu wenyewe hauhitaji hata kungoja matone. Unaridhika pale hewa iliyogusa ukuta inapofika unyevu wa asilimia 80, na kwa sebule kama yetu hiyo ni sehemu yoyote ya ukuta yenye nyuzi 15 hivi. Nyuma ya kabati, ambako joto la hita halifiki, nyuzi 15 ni ndoto ya kiangazi.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuutazama ukuta kwa jicho lingine. Tunakaa Harehills, Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyumba za baadaye zina kuta mbili zenye uwazi katikati, na uwazi ule huzuia mvua isivuke. Yetu ina ukuta mmoja mnene wa matofali, sentimita 23 hivi, uliounganishwa kwa chokaa. Unautambua kwa nje: tofali moja limelala ubavu, linalofuata linaonyesha kichwa, tena ubavu, tena kichwa, kwa sababu vile vichwa ni matofali yaliyopita kutoka nje mpaka ndani. Ukuta wa namna hiyo haukuahidi kamwe kuzuia maji. Mvua ikipiga, unakunywa. Jua likitoka, au makaa yakiwaka ndani, unayatoa kupitia chokaa iliyo laini kuliko tofali, kwa nje na kwa ndani. Waliokaa humu walikuwa na moto wa makaa mchana kutwa na dohani inayovuta hewa juu bila kupumzika. Walikuwa na baridi, lakini walikuwa wakavu.

Sasa njoo na bodi zako za povu. Joto la chumbani linakomea kwenye bodi, na ndiyo sababu umezinunua. Lakini tofali lililo nyuma yake sasa limenyimwa joto, limekuwa baridi kuliko lilivyopata kuwa tangu lichomwe. Fundi asipoziba viungo vizuri, kwenye soketi, kwenye pembe, pale bodi inapokutana na sakafu, hewa yenye mvuke wa chai hupenya ikajikuta uso kwa uso na tofali hilo. Inatua mzigo wake gizani, ambako hakuna jicho wala kitambaa. Na mvua iliyonywewa na ukuta haiwezi tena kukaukia ndani.

Ingekaukia nje, basi? Nje, mtu fulani miaka ya nyuma aliona chokaa imechakaa, akaikwangua, akajaza saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi. Maji yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe, yanaganda usiku wa Januari, yanavimba kwa asilimia 9 kama maji yote yagandavyo, na uso wa tofali unabanduka. Nimeokota vipande vyake mlangoni. Hati ya kwanza ya saruji ya Portland ilipewa fundi mwashi wa mji huu huu wa Leeds, Joseph Aspdin, mwaka 1824. Kwa hiyo hatuna haki ya kulaumu wageni.

Mama mkwe hakuhitaji kukesha. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, alitoka nje na shali lake, akaparuza mstari kati ya matofali kwa ukucha, akarudi.

"Wamewatilia saruji."

Nyumba aliyozaliwa Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanurini. Kaka yake mmoja alirudi na pesa, akaipiga lipu ya saruji mbele ili ing'ae. Ilivimba, ikabanduka, na chumvi ikatoka mpaka sebuleni. Mafundi wanaokarabati Mji Mkongwe wa Zanzibar watakuambia hivyo hivyo: ukuta wa chokaa ukiuziba kwa saruji, unyevu unanasa ndani na kuula taratibu. Nilimuuliza kwa nini hakusema yule kijana alipokuwepo.

"Ulisema anapima presha."

Ripoti imeletwa jana. Ina kurasa nyingi, picha ya sufuria yetu ikiwemo, na mapendekezo: tufunike vyombo, tupunguze kuanika ndani, na kila siku tufungue madirisha ya mbele na ya nyuma kwa dakika kumi ili hewa ipite moja kwa moja.

Nyumba yetu haina nyuma. Ni ya aina ya mgongo kwa mgongo, ambayo Leeds iliipenda kuliko mji mwingine wowote. Sheria ya 1909 ilipiga marufuku kuzijenga, sababu kubwa ikiwa hewa kutopita, lakini ramani zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa, kwa hiyo mji uliendelea kuzijenga hadi 1937. Kuta tatu kati ya nne tunashirikiana na majirani. Ukifungua dirisha la mbele hewa inaingia, inazunguka, inakosa pa kwenda, inatokea ilikoingilia. Mkaguzi aliingia kwa mlango huo mmoja akatokea huo huo, na bado hakuona.

Hapo kicheko kinanikauka. Mwaka 2013 kwenye mtaa wa Fishwick, Preston, nyumba kongwe zaidi ya 300 zilivikwa kwa nje kwa mpango wa kuokoa nishati, na mvua ikaingia nyuma ya vazi hilo mpaka lipu za ndani zikaoza. Oktoba 2025 wakaguzi wa hesabu za taifa walisema kwamba katika miradi ya karibuni ya serikali, asilimia 98 ya nyumba zilizovikwa kwa nje zina kasoro kubwa za kurekebishwa, na asilimia 29 ya zilizovikwa kwa ndani. Asilimia 98 si bahati mbaya. Huwezi kukosea kiasi hicho bila kulipwa.

Na Rochdale, ng'ambo ya milima ya Pennine, Desemba 2020, Awaab Ishak alifariki akiwa na miaka miwili kwa maradhi ya kupumua yaliyotokana na ukungu wa fleti yao. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alianza kuripoti mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Baadaye wamiliki wa fleti walikiri kwamba walikuwa wamejijengea dhana kuhusu namna familia ile inavyoishi. Dhana hizo nazifahamu, nimezikalimani Jumanne. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025, na inawapa wenye nyumba za jamii siku 10 za kazi kuchunguza unyevu wa hatari. Sisi tuliopanga kwa watu binafsi tumeahidiwa kwamba zamu yetu itakuja.

Mengine, yale tuliyojaribu wenyewe, ni madogo. Nilipopanda juu ya dari kutandaza pamba ya kioo, watoto waliuona mguu wangu wa kushoto kabla ya kuniona mimi. Dohani iliyozibwa tulipoizibua ili ivute hewa, ilinitapikia masizi ya enzi za Malkia Victoria nikiwa na kanzu ya Idi. Mashine ya kunyonya unyevu inafanya kazi vizuri sana, na bili ya umeme imethibitisha.

Nimemjibu mwenye nyumba kwa barua ya adabu. Nimemweleza kwamba tuko tayari kutekeleza mapendekezo yote ya ripoti, na kwa hiyo tunaomba atutobolee dirisha la nyuma. Kwa kuwa litafungukia chumbani kwa jirani wa mgongoni, nilikwenda kwanza kumtaka ridhaa, mwendo wa kuzunguka mtaa mzima. Amesema hana pingamizi, mradi siku za pilau tuliache wazi.