Hapa Mbona Hujachora?

Mwaka 2009 mchoraji mmoja wa Marekani, Jake Parker, aliamua kuunoa mkono wake wa wino. Akajipangia kibarua: Oktoba nzima, kila siku mchoro mmoja. Angekaa na kibarua chake huko huko kwao, mimi leo ningekuwa na amani yangu. Lakini alikitangaza, akakiita Inktober, na tangu hapo kila Oktoba ikiingia, watu wazima wa dunia nzima, wenye kazi na madeni, wanainamia karatasi usiku wakati wenzao wamelala. Mmoja wao yuko Dar es Salaam, na ndiye anayelalamika hapa.

Aliyenitia mkenge ni shemeji yangu. Ana diploma ya sanaa na haulizwi kitu akakosa jibu. Alifunua daftari langu, akalifunga, akasema, "Shemeji, kuchora unajua. Kupanga ndiyo hujui. Watu wako wote wamekaa katikati ya karatasi kama wanasubiri picha ya pasipoti." Kisha akanikabidhi orodha ya maneno ya mwaka 2019, maana tangu 2016 shindano hili lina orodha rasmi, neno moja kwa siku, na akaniahidi kwamba Novemba ikifika nitakuwa nimejua mpangilio wa picha. Akala chakula chetu, akaondoka.

Sasa nani alichagua Oktoba? Huko kwao majani yanapukutika, mtu anakaa dirishani na kikombe cha kitu cha moto, mkono mkavu. Huku kwetu kusi imechoka, kaskazi haijaja, na hewa imegoma kabisa. Ukiwasha feni, karatasi inaruka na wino unakaukia kwenye nibu kabla haujagusa kitu. Ukizima feni, jasho linatoka kwenye nyusi na kudondokea bahari uliyoitia mawimbi kwa saa nzima. Nimepata visiwa vingi kwa njia hiyo. Mama watoto akipita anainama na kuuliza kwa upole wa uongo, "Hapo ni Mafia au Pemba?"

Na usidhani unaweza kufuta. Wino mweusi wa chupa ni masizi na gundi, ukishakauka hautoki kwa maji wala kwa maombi. Shati langu la ofisini linaweza kutoa ushahidi.

Orodha yenyewe ina maneno kama theluji, joka na koti. Koti! Mtaani kwetu wenye koti mwezi Oktoba ni wawili, bwana harusi na mlinzi wa usiku, na mlinzi alikataa kuchorwa amelala.

Theluji niliipokea kwa furaha kidogo, kwa kuwa hiyo tunayo, kule juu Kibo, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka. Nikakumbuka somo la shemeji kuhusu Hokusai, yule mzee wa Japani. Wimbi lake kubwa, la mwaka 1831 hivi, limejaa upande wa kushoto na kucha zake za povu, na mlima Fuji, mrefu kuliko yote nchini mwao, ameupachika chini kule kwa mbali, mdogo wa kukaa kwenye kisanduku cha kiberiti. Jicho linapanda na wimbi, linakunja, linaangukia mlimani. Mzee alikuwa na miaka kama 70. Tena mfululizo ule uliitwa mandhari 36 za Fuji, na alipomaliza zikawa 46. Mimi nadaiwa 31 tu na tayari naumwa mgongo.

Basi nikafanya kama yeye. Mbele, gogo la mgomba jeusi tii, limekatwa na ukingo wa karatasi. Kwa mbali, pembeni, Kilimanjaro mdogo. Na theluji? Theluji kwa wino haichorwi. Unaichora mbingu iliyo nyuma yake, unachora mawe yaliyo chini yake, halafu pale penye theluji unakaa na mikono yako mapajani. Karatasi yenyewe ndiyo theluji. Kazi ngumu hiyo, kuacha, mkono unawasha.

Mama watoto akaishika, akaigeuza, akaitazama na mgongo wake. "Hapa mbona hujachora?"

"Hapo ndipo penyewe. Ni theluji."

"Pakiti ya karatasi hizi ulisema shilingi ngapi?"

Nikataja.

"Na kila karatasi unaitumia robo." Akairudisha mezani. "Usiku wa leo na mimi nitaacha robo tatu ya sahani yako wazi. Utaona inavyopendeza."

Tatizo, nimegundua, ni kwamba hakuna Mtanzania aliyelelewa na nafasi tupu. Picha zetu za studio, zile zenye pazia nyuma na ua la plastiki kando, mtu alikaa katikati, mikono magotini, na pembe zote za picha ziligharimiwa. Sasa mtu kama huyo umwambie kuhusu kanuni ya theluthi, ambayo Mwingereza John Thomas Smith aliipa jina hilo mwaka 1797, na siku hizi inafundishwa hivi: gawa karatasi mafungu matatu kwenda juu, matatu kwenda kando, na kitu muhimu kiweke pale mistari inapokutana, si katikati. Nilimweleza binti yangu. Akauliza kwa nini mtu mkubwa anachora ukurasa wa kucheza zero na eksi. Hakukosea sana.

Jirani yangu anauza picha za Tingatinga kwa watalii, na ushauri wake ni mfupi: "Jaza, bwana. Mzungu hanunui hewa." Picha zake kweli zimejaa. Twiga, pundamilia, tembo, ndege juu ya ndege, na palipobaki ukucha mmoja panawekwa ua. Nikamkumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, alipoanza mwaka 1968, mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu kwenye ubao, na nyuma yake rangi moja kimya. Chui peke yake, na macho yake. Huhitaji kitu kingine, chui anakutosha.

Jirani alifikiri. "Sawa. Lakini yule alikuwa Tingatinga. Wewe nani?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta chakula.

Mama ntilie wa karibu na kituo cha daladala nimeshamchora mara kadhaa, kwa sababu vyombo vyake vimejipanga bila shule. Sufuria kubwa mbele, ndogo nyuma, moshi unapanda kwa mshazari, yeye mwenyewe kulia, nusu nje ya picha. Kumkata mtu kwa ukingo ni ufundi. Unamfanya mtazamaji ahisi kuna dunia inayoendelea nje ya karatasi. Kabla sijaanza nilichora vidogo vidogo vya majaribio nyuma ya risiti, vyeusi na vyeupe tu, bila sura wala vidole, kuona kama giza limekaa mahali pake. Kisha nikaepuka ule ugonjwa wa nguzo ya umeme kuota kichwani mwa mteja. Nikaacha sehemu ya juu kushoto nyeupe, pana, ili moshi upate pa kwenda. Nasema bila aibu: ilikuwa nzuri. Hata konda aliyekuja kunywa chai alinyamaza sekunde mbili, na konda hanyamazi.

Nikampa mama ntilie aitazame.

"Mwanangu," akasema, "mkono wangu wa kulia uko wapi?"

"Uko nje ya picha, mama. Mtazamaji ataufikiria."

"Atafikiria nini? Huo ndio unaopakua wali. Mteja akiona sina mkono atakula kwa nani?"

Konda, ambaye sekunde zake mbili zilikuwa zimeisha, akaongeza kwamba mama amepigwa picha na trafiki. Watu wakacheka. Nilijaribu kueleza habari za Hokusai na mlima wake, huku maharage yangu yakipoa.

Mama ntilie hakunisikiliza. Alikuwa ameweka kidole, kidole chenye mafuta, juu kushoto, pale peupe, pale nilipopigania kwa nguvu zangu zote. Akapapigapiga.

"Hapa lakini umefanya la maana. Umeniachia nafasi." Akauchomoa msumari ubaoni, tayari kuitundika. "Andika: Wali maharage, elfu mbili. Wali samaki, elfu tatu na mia tano. Andika kwa huo huo wino usiofutika, mvua za vuli zinakuja. Na hapo chini ya moshi, pamebaki pakubwa, weka chapati."

Nikachovya kalamu. Chapati alisema ni mia tano, na soda iandikwe kwa herufi kubwa.