Mgeni Dakika Arobaini: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Nishati

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA),
Nairobi.

MINT: ADABU ZA WENYE MAGARI YA UMEME KATIKA HOTELI ZA NJIANI

Natanguliza pongezi, maana barua inayoanza kwa lawama huishia kwenye faili la lawama. Mwaka 2023 mlitoa mwongozo wa miundombinu ya kuchaji magari ya umeme na kubadilishana betri, na Aprili ya mwaka huo huo mkaweka bei maalum ya stima ya magari haya: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 zile saa ambazo taifa limelala. Mita mmeiangalia, leseni mmeiangalia, usalama wa nyaya mmeuangalia. Kiumbe aliyesahaulika ni mmoja tu, naye ndiye anayeshika plagi. Anafika Mtito Andei, katikati ya safari ya kilomita 480 hivi kutoka Nairobi hadi Mombasa, anachomeka gari lake, anaagiza soda moja, kisha ardhi inammeza. Ombi langu ni kwamba mmtungie adabu. Na kwa kuwa bango la “Tafadhali ondoa gari lako” halijawahi kumwondoa mtu yeyote mahali popote katika nchi hii, naomba adabu yenye bei.

Tuanze na hesabu ya kukaa, kwa sababu maumbile yenyewe yameshatuandalia kanuni nzuri na sisi tunaipuuza. Betri ya gari haijazwi kwa mwendo mmoja kama mtungi. Huanza kwa pupa, na ikivuka asilimia 80 mashine hupunguza kasi kwa makusudi ili betri isiharibike. Gari lenye betri ya yuniti 60, likichomekwa kwenye mashine ya kilowati 50, hutoka asilimia 20 hadi 80 kwa dakika 45 hivi. Huo ni muda ule ule ambao mbavu za mbuzi zinahitaji makaani, pamoja na kukatwa kachumbari. Dereva anaweza kula, kunawa, kulipa na kuondoka akiwa na chaji ya kumfikisha kituo kinachofuata. Lakini mwenye gari la umeme wa Kenya hajanunua gari la mamilioni ili aondoke na asilimia 80 kama maskini. Anataka 100. Zile 20 za mwisho zinatambaa, naye anaagiza chai, huku mwenzake aliyefika na asilimia sita akikaa nje akiitazama taa ya mashine. Wala huyo wa pili hawezi kujisaidia: kwa magari mengi, waya ukishachomekwa hufungwa na gari lenyewe, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu ambaye sasa anatafuta kijiti cha meno.

Huyo angalau anatumia mashine. Kuna ndugu yake, mtu wa ekstensheni, ambaye amekodi chumba cha bei nafuu na kuteremsha waya dirishani kutoka kwenye soketi ya birika la chai. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa kama kilowati tatu. Betri ya yuniti 40 iliyokauka itaihitaji kwa zaidi ya saa 13, yaani usiku kucha na sehemu ya asubuhi, pengine kwa waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake chini ya kitanda, ambako joto halina pa kutokea. Nyaya za chumba hicho zilifungwa na fundi aliyefikiria balbu, televisheni na simu mbili. Tukija kwenye fedha, yuniti 40 kwa ile bei yenu ya Sh16, kabla ya kodi na tozo, ni Sh640. Hoteli ambayo haijaingia kwenye bei hiyo maalum inalipa zaidi. Asubuhi mgeni anarudisha ufunguo kaunta na kulalamika kwamba mkate haukuwa na siagi ya kutosha.

Sasa stima ipotee. Sisemi hili kwa ubaya, ila tunaijua nchi yetu, na usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Hoteli ya njiani haiwezi kuacha nyama ya friji ioze, kwa hiyo jenereta linanguruma nyuma ya jikoni, na gari lililochomekwa linaendelea kunywa kana kwamba hakuna kilichotokea. Jenereta dogo hutoa takriban yuniti tatu kwa lita moja ya dizeli. Zile yuniti 36 za kutoka asilimia 20 hadi 80 zinakuwa lita 12, na kwa gari linalokwenda kilomita sita kwa yuniti, mwendo wake ni kilomita 18 kwa lita, sawasawa na kigari kidogo cha petroli ambacho mwenyewe alikiuza kwa kuwa kinachafua hewa. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za stima inayozalishwa nchini hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, na hiyo ni fahari ya kweli. Dizeli ya mwenye hoteli haimo katika fahari hiyo. Kanuni ya kwanza ya adabu ingekuwa nyepesi: jenereta likiwaka, gari lichomolewe, isipokuwa mwenyewe akubali kulipia dizeli kwa bei ya dizeli. Natabiri kuwa uzalendo wa mazingira utapungua papo hapo.

Kwa sasa mamlaka halisi ya nishati katika hoteli hizi si ninyi, Mheshimiwa. Ni askari wa geti. Yeye ndiye anayejua nani alifika kwanza, nani amejaza tangu saa saba mchana, na ni yupi kati ya wala nyama kumi na wawili mwenye gari jeupe. Ndiye anayeingia ndani kuuliza meza kwa meza, akirudishwa na “dakika tano tu, boss” ambayo huchukua nusu saa. Ndiye pia anayeondoa, au asiyeondoa, lile Prado la dizeli lililoegeshwa mbele ya mashine kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Anaamua kesi hizi zote bila sheria, bila sare yenu na bila mshahara wenu, na haishangazi kwamba hukumu zake huelekea upande wa noti. Kama mnaridhika na mpango huo, basi mchapisheni katika Gazeti rasmi kama mkaguzi wa nishati wa wilaya, apewe kofia. Kama hamridhiki, mwekeeni kanuni anayoweza kuionyesha kwa kidole.

Ninaposema kanuni yenye bei, sibuni jambo jipya. Tazameni wale tunaowasema kila siku kwamba hawana adabu, watu wa bodaboda. Wenye pikipiki za umeme hubadilisha betri kwa dakika chache, hulipa, huondoka. Hatujasikia semina ya kuwafundisha heshima ya kituo. Hawakai kwa sababu mpango wenyewe hauwapi sababu ya kukaa: betri ni ya kampuni, malipo yanajulikana, na dakika ya kusimama ni abiria aliyepotea. Mwenye gari la magurudumu manne anakaa kwa sababu kukaa hakumgharimu kitu. Marekani waliligundua hili mapema. Desemba 2016 kampuni ya Tesla ilianza kumtoza kwa dakika mteja aliyeacha gari kwenye mashine baada ya kujaa, ikimsamehe akiliondoa ndani ya dakika tano. Baadaye ikalegeza zaidi: kituo kikiwa na nafasi tupu za kutosha, hakuna tozo. Sehemu hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inamwacha mgeni aliyelala apate usingizi wake mahali ambapo hakuna anayesubiri.

Mtaambiwa kwamba magari yenyewe ni machache, na vingi vya vyombo vya umeme vilivyosajiliwa nchini ni pikipiki, kwa hiyo haraka ya nini? Najibu kwamba uchache ndio wakati wake. Mazoea yakishaota mizizi huitwa haki, na atakayejaribu kuyang'oa ataitwa adui wa mwananchi. Waulizeni wanaojaribu kuwahamisha wenye matatu kutoka kituo wasichoruhusiwa kusimama. Isitoshe, bei ya stima ya magari haya mliiweka kabla magari hayajawa mengi, wala hakuna aliyesema mnaharakisha.

Pingamizi zito zaidi ni la ukarimu. Hoteli, wanasema, ni nyumba ya wageni, na mgeni hapimiwi kwa mita. Wanaosema hivyo wapite Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililo kando ya barabara hiyo hiyo. Pale msafiri yeyote, wa dini yoyote, hulishwa bure, na huenda hakuna mlango mkarimu kuliko ule kati ya Nairobi na bahari. Hata hivyo unavua viatu, unafunika kichwa, unakula na unampisha mwingine. Ukarimu wao una masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyouwezesha kudumu. Wazee wetu nao, ambao hutajwa kila mtu anapotaka cha bure, walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa umeme naomba tuseme dakika arobaini. Ya hamsini mpe bili.

Haki nayo iende pande zote mbili. Anayetozwa kwa kuchelewa ana haki ya kukuta mashine inayofanya kazi. Uingereza, kanuni za 2023 zinawataka wenye mitandao ya mashine za kasi kuhakikisha zinafanya kazi asilimia 99 ya wakati, na kuweka nambari ya simu ya bure inayojibiwa saa 24. Hapa kwetu nitaridhika na pungufu ya hapo: hoteli iliyoweka picha ya plagi kwenye bango lake la barabarani ipigwe faini ikiwa mashine hiyo imefunikwa gunia tangu Krismasi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mwongozo wa 2023 uongezwe ukurasa mmoja. Uiruhusu hoteli kuuza stima kwa yuniti kwa bei iliyobandikwa ukutani, na uitake itoze kwa dakika gari lililofika asilimia 80 wakati kuna mwingine anayesubiri. Upige marufuku ekstensheni za dirishani. Uamuru jenereta likiwaka magari yachomolewe. Umtoze mwenye Prado aliyeegesha pale kile kile anachotozwa mwenye gari la umeme aliyekaa kupita muda. Na ukurasa huo uchapishwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ubandikwe getini, kwa sababu atakayeutekeleza yuko pale tangu alfajiri na bado hamjamwandikia chochote.

Wenu katika foleni,
Mlipaji wa Bili ya Stima