Muulize Shangazi wa Gereji: Nimependa Ngurumo

*Shangazi, nina Chevrolet Camaro ya 1972, V8 ya lita 5.7, gia otomatiki, difu ya 2.73, injini haijaguswa tangu itoke kiwandani. Nimependa kemshafti ya digrii 250. Jirani anayo, akisimama kwenye taa gari linatetemeka na kuunguruma kama linataka ugomvi. Nifunge? – Mwenye Moto, Ohio*

Mwanangu Mwenye Moto, aliyependa sauti hujikuta ameoa redio. Mtetemo unaokunyima usingizi si nguvu inayotafuta mlango. Ni injini inakohoa. Kemshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, na kazi yake ni kuamua valvu zifunguke lini na zikae wazi kwa muda gani. Hiyo ya digrii 250, kipimo kikianzia pale tepeti inapoinuka milimita 1.27, huchelewa sana kufunga valvu ya kuingizia. Mizunguko ikiwa michache, pistoni ikipanda huirudisha hewa na petroli ilikotoka, na kwa kuwa valvu za kuingizia na za kutolea hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi nao hupenya upande wa kabureta. Silinda hii inawaka nusu, ile haiwaki kabisa: ndiyo ngurumo yako. Mizunguko ikipanda sana, hewa inaingia kwa kasi kiasi cha kuendelea kujaza silinda hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na hapo kemshafti kubwa hulipa deni lake. Lakini kwa difu ya 2.73 na matairi ya kawaida, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko kama 2,200 tu kwa dakika. Utafunga kitu kinachoamka wewe ukiwa umeshafika nyumbani. Tena injini yako ina kompresheni ya 8.5 kwa 1, kwa kuwa General Motors ilizishusha kuanzia magari ya 1971 ili zikubali petroli hafifu zaidi. Valvu ikichelewa kufunga, hata hicho kidogo kinavuja.

Najua utanitajia Camaro Z/28 ya 1967 hadi 1969, iliyotoka kiwandani na kemshafti kali. Ni kweli, ila soma posa yote. Injini yake ilipunguzwa hadi inchi za ujazo 302 kwa sababu mashindano ya Trans-Am yalikuwa na kikomo cha 305. Ilikuwa na kompresheni ya 11 kwa 1, gia nne za mkono na difu ya 3.73. Kemshafti ile ilikuja na ukoo wake wote. Wewe unataka bibi harusi peke yake, ndugu zake wabaki Detroit. Ukisema utabadili pistoni, difu na torki konvata, sina pingamizi, isipokuwa kwamba hapo huchagui kemshafti tena, unajenga gari jingine, na bei yake uihesabu kabla hujafungua boneti. Kwa gari ulilo nalo, chukua digrii 205 hadi 215. Farasi utakaowapoteza ni wa kule juu usikofika.

*Shangazi, mume wangu anataka kufunga kemshafti ya jirani. Mimi ndiye ninayewapeleka watoto shule kwa gari hilo. Kuna hatari? – Mama Watoto, Ohio hiyohiyo*

Ipo, mwanangu. Servo ya breki inategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi, na kemshafti kubwa huudhoofisha injini inapozunguka polepole, yaani palepale unapokaribia lango la shule. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mwonyeshe jibu la hapo juu. Akikubali ndogo, mwambie asisahau: kemshafti mpya ya tepeti bapa hupakwa grisi yake, hutiwa oili yenye zinki ya kutosha, na mara tu injini inapowaka hushikiliwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, bila kuachwa ishuke. Akikataa, ficha ufunguo.