Sifa Zako, Akaunti ya Pili

Wengi wanakutukana, akaunti ya pili, hasa Jumatatu asubuhi. Mimi nakusifu, tena bila kulipwa. Ofisi yenye Windows mezani na seva za Unix kwenye kile chumba chenye kiyoyozi ingepooza kabisa pasipo wewe.

Nani mwingine angewakutanisha watu? Mama mhasibu amebadilisha nywila kwenye kompyuta yake kama alivyoamriwa. Akitaka kuingia kwenye seva, ambako ana akaunti nyingine yenye nywila yake, anakataliwa. Simu inapigwa.

"Mwanangu, hii imenigomea."

"Kule weka ya zamani, mama."

"Ya zamani ipi? Ya kabla ya mfungo au ya baada?"

Kijana wa kompyuta anapanda ngazi, anakaribishwa chai, na mshahara wake wa mwezi unakuwa halali.

Wasiokujua hudhani umezaliwa na uzembe. La hasha, una nasaba. Windows humpa kila mtumiaji kitambulisho kirefu kinachoanza na S-1-5-21. Unix humpa namba tu, na mkubwa kuliko wote ndiye mwenye sifuri. Kwa Windows, Juma na juma ni mtu mmoja. Kwa Unix ni wawili wasiosalimiana. Nywila nazo hazihifadhiwi jinsi zilivyoandikwa. Husagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, na kila upande una kinu chake. Unga wa huku hauliwi kule. Ndiyo maana hakuna awezaye kuihamisha nywila kimyakimya: sharti mwenyewe aiandike tena.

Waliotaka kukuua wamekuzalisha tu. Miaka ya 1980 Sun Microsystems walileta NIS, ili kompyuta zote za Unix zisome orodha moja ya watumiaji. Ilikuwa karimu kupita kiasi: mtu yeyote kwenye mtandao akiziomba nywila zilizosagwa, anapewa. Samba, kazi aliyoianza Mwaustralia Andrew Tridgell, ilitoka mwaka 1992, na kwayo seva ya Unix ikaweza kujifanya ya Windows. Ila nywila za upande huo zilitaka faili lao, smbpasswd, kando ya lile lililokuwapo. Yaani dawa ya orodha mbili ilikuwa kumkabidhi fundi orodha ya pili aitunze.

Halafu ikaja Windows 2000 na Active Directory, orodha yake kuu ya watumiaji, ikiwa imebeba Kerberos, mfumo wa kumthibitisha mtumiaji uliotoka chuo cha MIT, Marekani. Hapo tulitangaziwa kwamba siku zako zimekwisha. Lakini Kerberos hutazama saa: kompyuta yako ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, hupiti, hata uwe mkurugenzi. Sheria hii naipenda mno. Katika ofisi ambayo mkutano wa saa tatu huanza saa nne, walau yupo mmoja anayejali dakika.

Winbind, sehemu ya Samba, ndiyo iliyokupa heshima yako kamili. Kazi yake ni kumpatia mtu wa Windows namba ya Unix. Ikipangwa kizembe, kila seva hugawa namba kwa kufuata nani alitangulia kufika: huku wewe ni 10001, kule ni 10007, na seva hizo zikishirikiana mafaili, bajeti uliyoandika jana leo ni mali ya dereva. Naye dereva, kwa kweli, huwa haifuti.

Na uaminifu wako? Mzee wa stoo alipostaafu, Windows ilimfuta siku ileile, kabla hata keki haijakatwa. Wewe hukumtupa. Kwenye seva ya zamani bado yupo, na jina lake na folda zake, na kila usiku saa nane kamili programu yake inaamka, inahesabu mabati tuliyokwisha kuyauza, inatuma ripoti kwa bosi ambaye naye alistaafu. Akaunti ya bosi ipo. Inapokea.