Majirani Wasiojuana
Hapa Ibanda, ambako watu wa ua mmoja huazimana hata chumvi, kuna kompyuta mbili juu ya meza moja, zinazokunywa kwenye ruta moja, nazo zimekataa katakata kutambuana. Na bwana mwenyewe, badala ya kutazama kama Windows imeuhesabu mtandao wa nyumbani kwake kuwa wa hadhara, hali ambayo kwa desturi huisitiri kila kompyuta na mwenziwe, hulipeleka faili kwa barua pepe, likahiji ng'ambo na kurejea, ili livuke dhiraa moja ya mbao. Na huo, eti, ndio usasa! Tafadhalini, mabwana, ugeuzeni mtandao uwe wa faragha na mruhusu ushirikishaji wa faili, kabla umeme haujakatika.